Taa za Usiku na Maradhi ya Saratani



Nchi hii ya Kirewa, na Budama yote, na miji ya Busia na Malaba, imekaa karibu mno na mstari wa ikweta. Kwa sababu hiyo mchana wake na usiku wake hulingana mwaka mzima, saa kumi na mbili kwa saa kumi na mbili, na jua likishatua giza haliji polepole kama katika nchi za kaskazini bali huanguka mara moja. Wazee waliozaliwa kabla ya umeme waliishi chini ya mizani hiyo. Jua likitua watu walikula, wakazungumza kidogo penye moto au penye tadooba, ambayo wa ng'ambo ya mpaka huiita koroboi, kisha wakalala. Aliyekesha alikesha kwa sababu: ugonjwa, msiba, harusi, au ibada.

Mwezi wa Aprili mwaka 1954 bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Uingereza, na tangu hapo nyaya za umeme zikaanza kutambaa kuelekea mashariki. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 kiwanda cha saruji cha Tororo kilianza kazi, na tanuri ya saruji haizimwi jua likitua. Ikishawashwa huwaka usiku na mchana, na wanaoihudumia hawana budi kupokezana zamu. Leo hata nyumba isiyofikiwa na waya ina kibao cha sola juu ya bati na taa nyeupe ndani, na kijana asiye na taa ana simu. Anayefika Malaba saa nane za usiku hukuta malori yaliyotoka Mombasa yamepanga msururu, taa zao zinawaka, makarani wa forodha wako kazini, madereva hawajalala, na akina mama wanauza chai na chapati kama kwamba ni adhuhuri. Busia hali ni hiyo hiyo.

Sasa yamekuja maneno yanayosemwa barabarani na hospitalini, kwamba mwanga wa usiku huleta saratani, yaani kansa. Wako wanaoyacheka, husema kwamba ni mambo ya Wazungu waliokosa kazi. Na wako walioyashika kwa hofu, hata mzazi akawa anataka kumtoa binti yake katika kazi ya uuguzi asije akapata saratani ya titi. Wote wawili wamefanya haraka. Jambo hili lina asili ya kweli ndani yake, tena asili yenye nguvu. Lakini si kila kinachojengwa juu ya asili hiyo kimesimama. Yafaa kulieleza tangu mwanzo wake.

Ndani ya ubongo wa mwanadamu, katikati kabisa, pana tezi ndogo ipatayo ukubwa wa punje ya mchele. Tabibu Jalinus wa zama za Warumi aliijua, na jina lake katika lugha za Ulaya limetokana na umbo lake, kwa kuwa yafanana na tunda la msonobari. Huitwa tezi ya pineali. Kwa karne nyingi hapakuwa na mtu aliyejua kazi yake, na wanafalsafa waliitungia kazi kwa kukisia tu. Descartes, Mfaransa, alidai kwamba ndipo roho inapokaa. Mwaka 1917 mabwana wawili wa Marekani waliwalisha viluwiluwi vya chura tezi hiyo iliyotolewa katika ng'ombe, wakaona ngozi za viluwiluwi zinapauka. Baadaye tabibu wa maradhi ya ngozi, jina lake Aaron Lerner, wa Chuo Kikuu cha Yale, alitaka kujua ni kitu gani hicho kinachopausha ngozi ya chura, akitumai kupata dawa ya ngozi za watu. Yeye na wenziwe walikusanya tezi za ng'ombe kwa maelfu na maelfu kutoka machinjioni, na mwaka 1958 wakaikamua dutu yenyewe wakaipa jina la melatonini. Dawa ya ngozi hawakuipata. Walichopata ni kitu kikubwa kuliko walichokitafuta.

Melatonini ni mjumbe. Mchana katika damu karibu haipo. Jua likitua na macho yakaona giza, tezi ile huanza kuitoa. Hupanda kadiri ya saa mbili kabla ya wakati ambao mtu amezoea kulala, hufika kileleni kati ya saa nane na saa kumi za usiku, kisha hushuka kabla ya alfajiri. Haileti usingizi kwa nguvu kama dawa ya usingizi ifanyavyo. Kazi yake ni kuutangazia mwili wote kwamba usiku umeingia. Ini husikia, matumbo husikia, moyo husikia, na chembe hai za mwili, ambazo kila moja ina saa yake ndani, hurekebisha saa zao kwa tangazo hilo. Habari za saa hizo za ndani si hadithi: mwaka 2017 Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, walipewa tuzo ya Nobel ya utabibu kwa kueleza namna zinavyokwenda, nao walianza kwa kuchunguza inzi wadogo wa matunda.

Ni nani basi anayeiambia tezi kwamba giza limeingia? Ni jicho. Ilidhaniwa zamani kwamba jicho lina kazi moja tu ya kuona. Mwaka 2002 ikabainika kwamba katika utando ulio nyuma ya jicho mna chembe nyingine, chache, zisizoshughulika na kuona sura za vitu, bali hupima tu kama kuna mwanga au hakuna, na kupeleka habari ubongoni. Chembe hizo huamshwa zaidi na rangi ya buluu, ile ya anga la mchana. Mwanga mwekundu au wa manjano hauzishitui sana. Hapa ndipo penye siri ya tofauti baina ya taa na taa.

Wataalamu hupima mwanga kwa kipimo kiitwacho laksi. Jua la mchana lisilo na wingu hupata laksi 100,000. Chumba chenye taa ya umeme iliyo ya kutosha ni laksi mia moja mpaka mia tatu. Mwezi mpevu, pamoja na sifa zote ulizopewa na washairi, haufiki hata laksi moja. Mwaka 1980 tabibu Alfred Lewy na wenziwe walionyesha huko Marekani kwamba mtu akiangaziwa usiku kwa laksi 2,500 melatonini yake huporomoka. Watu wakasema, hiyo ni taa kali, nani mwenye taa kama hiyo nyumbani? Lakini mwaka 2011 ikachapishwa habari ya watu 116 waliokaa kabla ya kulala katika chumba chenye mwanga wa kawaida, usiozidi laksi 200, na karibu wote melatonini yao ilichelewa kupanda, na muda wake ukapungua kwa kiasi cha saa moja na nusu. Yaani taa ya kawaida ya sebuleni ilitosha. Wenye kuwinda kumbikumbi katika nchi hii wanaijua hila hii kwa namna nyingine: msimu ukifika huweka taa, na wadudu huiendea wakidhani sijui wanadhani nini, wakaangukia ndani ya beseni. Taa huweza kukidanganya kiumbe kuhusu usiku na mchana, na mwanadamu hakuepushwa.

Mpaka hapa hakuna hitilafu baina ya wanavyuoni wa utabibu. Hitilafu inaanza tunapofika kwenye saratani.

Mwaka 1987 bwana mmoja Mmarekani, Richard Stevens, alitoa dhana. Alikuwa akijiuliza kwa nini saratani ya titi ni nyingi katika nchi za viwanda kuliko katika nchi za wakulima, na sababu zilizokuwa zikitajwa hazikumtosheleza. Akasema, huenda ni umeme: mwanga wa usiku hupunguza melatonini, na melatonini ikipungua homoni za kike huzidi, na homoni hizo zikizidi kwa miaka mingi titi huwa katika hatari. Ilikuwa dhana tu, na yeye mwenyewe aliitoa kama dhana ili ichunguzwe. Ikachunguzwa.

Kwanza wakatazamwa wanawake vipofu. Kama dhana ni kweli, asiyeona mwanga kabisa yapaswa augue saratani ya titi kwa uchache. Uchunguzi kadhaa uliofanywa Marekani na katika nchi za kaskazini ya Ulaya ulionyesha kwamba ndivyo. Kisha wakatazamwa wauguzi. Huko Marekani waliandikwa wauguzi kwa maelfu wakafuatwa miaka na miaka, na mwaka 2001 ikatangazwa hesabu ya wauguzi 78,562 waliofuatwa miaka kumi. Wale waliofanya zamu za usiku za kupokezana kwa miaka 30 au zaidi walionekana kuwa na saratani ya titi kwa asilimia 36 zaidi ya wenzao. Neno hili la asilimia lina mtego, na watu wengi wamenaswa nalo. Halina maana kwamba wauguzi 36 katika mia waliugua. Maana yake ni hii: kama katika wanawake elfu wasiofanya kazi usiku wangeugua kumi, basi katika elfu wa zamu ya usiku wangeugua kiasi cha kumi na wanne. Ni zaidi, nayo si kidogo kwa wanne wale, lakini hao wengine 986 hawakuugua. Na hiyo ni baada ya miaka thelathini, si baada ya mwezi wa mazoezi ya chuo.

Mwaka 2005 likafanywa jaribio la kustaajabisha. Ilichukuliwa damu ya wanawake wazima wenye afya kwa nyakati tatu: mchana, usiku gizani, na usiku baada ya kuangaziwa taa kali. Damu hizo zikapitishwa katika uvimbe wa saratani ya titi ya binadamu uliokuwa umepandikizwa katika panya. Damu ya usiku wa giza, iliyojaa melatonini, iliuzuia uvimbe usikue kwa kasi. Damu ya mchana haikuuzuia, wala damu ya usiku wenye taa haikuuzuia. Mwaka 2008 tena, wataalamu wa Haifa walilinganisha picha za mwanga wa usiku zilizopigwa kutoka angani na hesabu za wagonjwa wa nchi yao, wakakuta penye mwanga mwingi saratani ya titi ni nyingi, ilhali saratani ya mapafu haikufuata mwanga. Ni kweli, lakini mahali penye taa nyingi ni mjini, na mjini mna mambo mengi zaidi ya taa.

Kwa hoja kama hizo, mwaka 2007 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika daraja la mambo ambayo yamkini huleta saratani. Serikali ya Denmark haikungoja zaidi. Ilianza kulipa fidia wanawake waliougua saratani ya titi baada ya kufanya kazi usiku angalau mara moja kwa juma kwa miaka 20 na zaidi, na katika mwaka wa kwanza wanawake karibu 40 walilipwa.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2016 wataalamu wa Uingereza walijumlisha uchunguzi kumi wa nchi mbalimbali, wanawake wapatao milioni moja na laki nne, wakasema hawaoni kwamba kazi ya usiku imezidisha saratani ya titi, hata kwa waliofanya miaka mingi. Wengine wakawajibu kwamba wengi wa wanawake hao walikuwa watu wazima waliokwisha acha kazi ya usiku zamani, na kwamba uchunguzi wao haukufuatwa muda wa kutosha. Mwaka 2019 shirika la Lyon likaita mkutano mwingine, likapima yote, la zamani na jipya, na likaibakiza kazi ya usiku katika daraja lile lile: yamkini. Halikuipandisha kuwa yakini, wala halikuishusha.

Daraja hilo yapasa lifahamike vizuri, kwa kuwa hapo ndipo wasemaji wa barabarani wanapokosea. Daraja hupima nguvu ya ushahidi. Halipimi ukubwa wa hatari. Katika daraja hilo hilo la yamkini imo nyama nyekundu, na kimo kinywaji kinachonywewa kikiwa moto kupita nyuzi 65. Kwa hiyo yule dereva anayekesha Malaba akinywa chai inayotoka mvuke, na nyama choma mkononi, amekusanya mambo matatu ya daraja moja, na wala hakuna aliyemwambia habari za chai. Ama tumbaku, na pombe, na sumu ya kuvu inayoota katika njugu na mahindi yaliyowekwa yakiwa mabichi, hayo yamo katika daraja la juu, la yakini. Tena kilichowekwa katika daraja lile ni kazi ya usiku, wala si taa yenyewe. Mfanyakazi wa usiku hakosi mwanga, lakini pia hukosa usingizi, hula wakati ambao tumbo limelala, huvuta sigara ili asisinzie, na huongezeka uzito. Kuitenga taa katika fungu hilo na kuitwisha lawama peke yake bado hakujawezekana.

Inafaa pia kuulizwa: hao waliochunguzwa ni nani? Aghalabu ni wanawake wa Marekani na Ulaya, katika hospitali zenye mwanga kama wa mchana. Askari wa usiku anayelinda duka la Nagongera kwa tochi na balbu moja, au mama anayeuza chai mpakani, hakuhesabiwa na mtu. Zamu zake hazikuandikwa popote. Huenda hatari yake ni ndogo kwa kuwa taa yake ni ndogo. Huenda ni kubwa kwa kuwa mchana hapati kulala, kwani akirudi nyumbani asubuhi shamba linamngoja, na watoto, na jua linapiga juu ya bati. Kisa chake ndicho kingetakiwa kuandikwa, kwa kuwa ndio watu wa nchi hii.

Na katika kuogopa taa watu wasisahau maadui walio karibu zaidi. Uganda ina bahati ya kuwa na daftari la kuandikia wagonjwa wa saratani, lililoanzishwa Kampala katika miaka ya 1950, na madaftari ya namna hiyo hayakuwa mengi Afrika. Kwa wanawake wa Uganda saratani inayotangulia ni ya shingo ya kizazi, nayo huletwa na virusi. Chanjo yake ilianza kutolewa kwa wasichana nchi nzima mwaka 2015, na upande wa Kenya mwaka 2019. Saratani ya ini hufuatana na homa ya ini ya aina ya B, ambayo watoto wachanga wa Uganda huchanjwa tangu mwaka 2002, na pia na ile sumu ya kuvu katika njugu. Mzazi anayemzuia binti yake mkubwa asifanye zamu ya usiku, ilhali binti yake mdogo wa miaka kumi hakumpeleka kuchanjwa, amelinda dirisha akaacha mlango wazi.

Tena usiku wa Tororo una adui mwingine asiyehitaji taa. Mwaka 1958, mwaka ule ule ilipojulikana melatonini, tabibu Denis Burkitt wa Mulago aliandika habari za uvimbe wa taya unaowashika watoto. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari na wenziwe wawili maelfu ya maili, akiuliza hospitali kwa hospitali wapi uvimbe huo upo na wapi haupo, na ramani yake ikaonekana kufuata nchi za joto na mvua, nchi za mbu. Mwaka 1964 vikagunduliwa virusi ndani ya uvimbe huo, navyo vikaitwa kwa majina ya Epstein na Barr. Leo inafahamika kwamba virusi hivyo na malaria ya kurudiarudia hushirikiana kuuleta. Na Nagongera, jirani wa Kirewa, ni mahali ambapo wataalamu wamepima malaria miaka mingi na kuikuta kali mno. Basi mtoto anayelazwa ndani ya chandarua amekingwa na jambo lililo yakini zaidi kuliko mtoto aliyezimiwa taa akalala nje ya chandarua. Afadhali vyote viwili.

Wako watakaouliza dini inasemaje. Kur'ani imeutaja usiku mara nyingi kuwa ni wakati wa utulivu na mapumziko, na katika Sahihi Bukhari mna mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba taa zizimwe wakati wa kulala. Sababu iliyotajwa ni moto: panya huweza kuburura utambi akaiunguza nyumba na watu wake. Kila aliyeona nyumba iliyoungua kwa tadooba anaijua hekima hiyo. Siku hizi wamezuka wasemaji wenye kudai kwamba hadithi hiyo ilikusudia melatonini. Hilo ni kuyabebesha maneno mzigo ambao hayakuubeba, na dini haihitaji msaada wa namna hiyo. Kwani wataalamu wakibadili rai yao kesho, kama walivyotofautiana mwaka 2016, msemaji huyo ataifanya nini hadithi yake? Inatosha kwamba Mtume alichukia mazungumzo yasiyo na faida baada ya sala ya Isha, na kwamba mwenye kufuata hilo atalala mapema, na faida za kulala mapema hazina mgogoro. Ama tarawehe na kuamka kwa daku katika Ramadhani, hayo ni ya mwezi mmoja, wala hayafanani na miaka thelathini ya zamu. Kinachokesha vijana wengi katika usiku wa Ramadhani si sala, ni simu.

Basi ifanywe nini? Kwa wakaao nyumbani jambo ni jepesi. Saa moja au mbili kabla ya kulala taa nyeupe kali izimwe, ibaki ndogo yenye rangi ya manjano. Simu iwekwe mbali na kitanda, kwa kuwa kioo chake hutoa ile ile rangi ya buluu, tena hushikwa karibu na macho. Taa ya ulinzi ya nje iinamishwe iangaze chini ya mlango, isipige dirishani kwa jirani. Mtoto anayeogopa giza awekewe taa nyekundu ndogo. Asije mtu akasikia haya akairudia tadooba kwa kuwa mwanga wake ni wa manjano: ni kweli haiisumbui melatonini, lakini moshi wake huingia kifuani, na wanafunzi wameisomea miaka mingi wakijua walivyokuwa wakiamka na masizi puani. Sola ni neema. Izimwe tu wakati wake ukifika. Na vidonge vya melatonini vinavyouzwa katika maduka ya dawa ya mijini visinunuliwe kwa kutaka kuzuia saratani. Havijathibitishwa kwa kazi hiyo.

Kwa wafanyao kazi usiku shauri ni jingine, kwa kuwa wao hawawezi kuzima taa. Muuguzi akipunguza mwanga atasoma vibaya jina la dawa, na mkunga anayezalisha saa tisa za usiku anahitaji taa kali kuliko kitu chochote. Wanawake wangapi walipotea zamani kwa kukosa taa hiyo? Kazi hii haina budi kufanywa, na wanaoifanya wanawafanyia wengine. Waajiri waweza kupanga zamu ili mtu asikeshe mfululizo miaka na miaka, na asibadilishiwe kutoka mchana kwenda usiku kila baada ya siku mbili. Nyumbani anahitaji chumba chenye giza mchana: blanketi zito juu ya dirisha latosha. Hapa jamaa wana kosa la kawaida. Mtu ametoka zamu asubuhi, amelala, naye huamshwa akasalimie wageni, akaangalie ng'ombe, akapokee posho. Na asipoamka huitwa mvivu. Muda huo wa usingizi ndio usiku wake.

Yule mzazi mwenye binti muuguzi amwache binti yake afanye kazi. Amwulize tu kama hupata kulala, na amwambie ajipapase matiti yake, na akiona uvimbe asiufiche. Shauri hili ni kwa mwanamke yeyote, awe anakesha au halali gizani, kwa kuwa aghalabu wagonjwa wa nchi hizi huja hospitali uvimbe umekwisha pasuka. Uvimbe usio na maumivu ndio wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa hausukumi mtu kwenda kwa daktari. Aanze hospitali ya Tororo au ya Busia. Kutoka huko hupelekwa Mulago, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda, safari ya zaidi ya kilomita 200, na wa upande wa Kenya huenda hospitali kuu ya Moi pale Eldoret. Taasisi hiyo ya Mulago ilianzishwa mwaka 1967 kwa ajili ya watoto wenye uvimbe ule wa taya aliouandika Burkitt, na wengi katika waliofikishwa mapema, wakatiwa dawa kwa sindano, walirudi makwao wakiwa wazima.